Muanda haitatupa tomsoni

Bwana Mhariri,

Naandika juu ya ile barua mlichapisha ya ndugu mmoja wa hapa hapa Lubumbashi, aliuliza kwa hasira kwa nini Kongo inanunua samaki Namibia na sisi tuko na bahari yetu Muanda, akamaliza kwa kusema serikali inunue tu meli kumi za kuvua na bei ya tomsoni, ile samaki ya kugandishwa toka Namibia, itaanguka mara moja. Watu wengi wamempigia makofi. Mimi nilifundisha biolojia mu sekondari miaka mingi, na mke wangu anauza tomsoni mu soko ya Kenya, komini yetu hapa Lubumbashi, hivi hii habari naijua kwa ubao na naijua kwa sahani, na namuambia ndugu yangu wazi: bahari ya Muanda haitatupa tomsoni hata ukipeleka kule meli mia.

Tomsoni tunayokula na bukari (ugali) yetu, ile Wakinshasa wanaita mpiodi, kwa sehemu kubwa inatoka maji ya Namibia, na yale maji ni ya baridi. Kule upepo wa kusini unapuliza kufuata pwani, unasukuma maji ya juu yaende mbali na nchi kavu, na pale yanapotoka maji mengine yanapanda toka chini, ya baridi na yamejaa mbolea ya vitu vyote vilivyooza kule chini. Mbolea ikikutana na jua, basi vijani vidogo sana vya maji vinaota kwa wingi wa ajabu, vidudu vinakula vijani, samaki wanakula vidudu. Ndiyo maana meli moja ya Namibia inaburuta wavu na kutoa tani na tani za samaki wa aina moja, karibu ukubwa mmoja, wanagandishwa palepale ndani ya meli, wanaingia mu kartoni, wanashuka bandari ya Walvis Bay, wanapanda kamio (lori) mpaka Katima Mulilo, wanavuka Zambezi kwa daraja, Livingstone, Lusaka, mpaka wa Kasumbalesa pale unaingia Kongo, na huyo bibi yangu asubuhi anagombana na watu wa depo.

Sasa bahari ya joto iko tofauti kabisa. Jua linachemsha maji ya juu mwaka mzima, maji ya moto ni mepesi, yanakaa juu kama mfuniko wa sufuria na mbolea yote inabaki chini. Kwa hiyo samaki wa bahari za joto ni wa aina nyingi sana, lakini kila aina iko kidogo kidogo. Waulize watu wa Mombasa ao wa Zanzibar. Mvuvi wa kule akirudi, mu kikapu kimoja unakuta changu, tasi, pono, kolekole, pengine chewa mmoja na kipande cha pweza, kila mmoja na rangi yake, na kila mmoja na maisha yake. Pono anaguguna matumbawe kwa yale meno yake magumu na anatoa mchanga mweupe nyuma (ule mchanga watalii wanapiga picha, sehemu yake umepita tumboni mwa pono, sijui kama wanaambiwa). Chewa ndiye anishangaza zaidi: aina nyingi za chewa wanaanza maisha wakiwa majike, na wakiisha kukua baadhi yao wanageuka madume. Sasa fikiria mvuvi anatafuta wale wakubwa tu sababu ndio wenye bei. Akiwamaliza, wanabaki majike wadogo bila bwana, na mwaka unaofuata watu wanasema bahari imelaaniwa. Samaki wa namna hiyo huwezi kumfanya chakula cha kartoni cha watu wa mine (migodi). Unamvua kidogo, unamuacha akue, unamuuza kwa bei nzuri karibu na pale alitoka.

Msinielewe vibaya, sisemi eti joto tu ndilo linaamua. Peru iko karibu na ikweta kama sisi wa Lubumbashi na inatoa samaki wadogo kwa wingi wa kutisha, lakini ni juu ya maji yale yale ya baridi yanayopanda toka chini. Sisi hiyo bahati hatuna.

Tuko na nini basi? Tuko na pwani ya kilomita kama 40, imebanwa na Angola huku na Angola kule, sababu Kabinda, jimbo la Angola, iko upande mmoja na ngambo ya mto Kongo ni Soyo. Namibia iko na zaidi ya kilomita 1,500. Sheria ya bahari ya mwaka 1982 inaruhusu nchi kuchukua mpaka maili 200 za baharini, lakini ukiwa na mlango mwembamba hivyo mistari ya jirani inakukatia njia kabla hujafika mbali. Tena mwisho wa kusini wa hiyo pwani ndogo mto wetu unamwaga maji kama mita za ujazo 40,000 kila sekonde, na chini yake kuna korongo kubwa linaanzia ndani ya mdomo wa mto wenyewe na kuingia mpaka mu vilindi. Ule mto unaleta matope na unaleta mbolea pia, hiyo ni kweli, na ndiyo sababu Muanda si maskini wa samaki: kuna bars, kuna kapiteni wa bahari, kuna sardini za maji moto, kuna samaki wanaingia na kutoka kati ya chumvi na maji matamu. Wengi wa hawa watoto wao wanakulia ndani ya mizizi ya mikoko, pale wanyama wakubwa hawawezi kuwafikia. Ile mikoko ililindwa kwa sheria mwaka 1992 ikawa parke, lakini mti wa mkoko unatoa makala nzuri na watu wanaikata.

Hao samaki wanatosha kulisha Muanda, Boma, kama mambo yanaenda vizuri na Matadi kidogo. Wavuvi wa kule wanavua kwa mitumbwi, na tayari wanalalamika juu ya meli za kigeni zinazoburuta nyavu karibu na pwani na juu ya petroli inayotolewa mu maji yale yale. Ukiongeza meli kumi za serikali utakuwa umewanyanganya chakula wale wa mitumbwi kusudi sisi wa huku tufurahi mwaka moja, mbili. Na hata wale samaki wangekuwepo, watafika Lubumbashi na nini? Toka Muanda mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 2,000 na barabara mnaijua. Hata Angola, na pwani yake yote ile ndefu, inanunua tomsoni kwa wengine, sababu watu wake wanaipenda kupita vile bahari yao inaweza kutoa.

Na Namibia yenyewe isitufanye tuone wivu bila kuangalia. Mwaka 1968 kule walivua zaidi ya tani milioni 1 za sardini, meli za nchi nyingi, kila mtu anachota, na miaka kumi haikuisha sardini ikawa imeanguka. Walipopata uhuru mwaka 1990 wakashika maili zao 200 kwa nguvu, hata hivyo sardini haikurudi vile, na mwaka 2018 ikabidi wafunge uvuvi wake kabisa. Tomsoni ndiyo ilibaki kwa wingi zaidi. Nayo mwaka 2019 ilileta kesi kubwa ya rushwa juu ya ruhusa za kuvua, ministri wawili wakajiuzulu na kukamatwa. Hiyo ni nchi yenye utaratibu kuliko sisi. Sasa wewe unataka meli kumi za serikali ya Kongo!

Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kwenda baharini kutafuta funzo. Wazee wanakumbuka mpumbu, samaki wa mto Luapula. Mvua ikianza alikuwa anapanda mto kwenda kutaga, amejaa mayai, na watu walimkinga na nyavu palepale njiani, Wagriki wa Kasenga wananunua, kamio zinaleta samaki huku kwa wafanyakazi wa mine. Kufika miaka ya 1950 mpumbu alikuwa karibu amekwisha. Zambia leo wanafunga uvuvi kuanzia 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, na Mweru ni ziwa moja, la kwao na la kwetu, kwa hiyo kama tuna pesa ya meli kumi, ipelekwe Kasenga na Pweto: wasimamizi wanaolipwa kila mwezi kusudi wasile rushwa ya wavu wa macho madogo, barafu, na barabara.

Lakini juu ya bei ya tomsoni, ambayo ndiyo ilimuuma huyu ndugu, hakuna samaki wa Muanda wala wa Mweru atakayeishusha kesho. Ile bei inapandia njiani, kamio imesimama siku na siku na frigo inakunywa mazutu (dizeli), huku karatasi moja, kule karatasi ingine. Mtume mwandishi wenu Kasumbalesa, asimame na shofere moja wa samaki toka anaingia foleni mpaka anatoka, aandike kila franka inayotolewa na ya nini, halafu mtuchapishie ile listi nzima.

Mwalimu wa zamani, komini ya Kenya, Lubumbashi