Yakhe, njoo bamvua hili

Salum yakhe, salaam aleikum,

Natumai mko salama huko Wete, sisi hapa Jambiani alhamdulillah. Nina jambo moja tu, nataka uje bamvua la mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kutoka sana, ujionee mwenyewe, kwa sababu tangu nipate hii tochi ya UV, ya ule mwanga wa urujuanimno tusiouona kwa macho, mie usiku silali mapema tena.

Unaukumbuka ule ukuta wa mawe nyuma ya kwa bibi, tumecheza pale utoto wetu wote, kumbe kwenye nyufa mna nge wallahi! Tochi ya kawaida humuoni, rangi yake na jiwe ni ile ile, ila UV ikimgusa tu anawaka kijani mwili mzima mpaka mwiba wa mkiani. Juzi nikamkuta mama kabeba watoto mgongoni, yeye anang'aa kama taa ya dukani na watoto weupe tu, hawawaki, maana kinachowaka kimo kwenye gamba gumu na wao bado hawajajibambua hata mara moja. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Na lile ganda analoliacha nge akijibambua nalo linawaka, usishtuke.

Ukinunua yako tafuta ya nanomita 365, ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wake. Zile za 395 bei chee, nge utamuona, lakini zinamwaga zambarau nyingi mno na vitu vyenye mng'ao mdogo vinapotea humo humo. Kwa 365 hata majani mabichi yanatoa wekundu, ndo klorofili hiyo, inameza mwanga tusiouona halafu inautoa mwekundu. Usimmulike mtu machoni lakini, wala paka.

Sasa kwa nini bamvua la mwandamo, giza totoro na maji yanakupwa saa nne usiku hivi, tunatembea mpaka vidimbwi vya karibu na mwamba. Kuna matumbawe pale mchana ya kahawia tu, unayapita huyatazami, usiku yanawaka kijani mpaka unasema subhanallah. Roho inaniuma watu wanavyoyakanyaga kila siku, yale yako hai yakhe. Sisi tutapita mchangani tu.

Vaa viatu vya kufunika vidole, betri za akiba lete. Nijibu upesi nimwambie mama akutayarishie chumba, halafu mwandamo wa pili mie nije kwenu tuingie Ngezi, ule msitu nautaka sana kwa mwanga huu.

Wako, Haji