Njia ya baiskeli katika Alpi ipimwe kwa kipande chake kibaya zaidi

Mhariri,

Kila mwezi wa Julai, mashindano ya baiskeli ya Ufaransa yanapofika katika milima ya Alpi, kurasa za michezo hujaa habari za kona 21 za barabara inayopanda Alpe d'Huez na za njia ya mlimani ya Col du Galibier, yenye kimo cha meta 2,642. Habari hizo husisimua, lakini zimewajengea wasomaji wengi dhana kwamba milima ile ni ya wanariadha tu, na kwamba mtu wa kawaida aliyefunga mizigo yake kwenye baiskeli hana pa kupita ila pembezoni mwa barabara kuu, akipitwa na malori na mabasi ya watalii. Naomba nafasi nieleze kwamba sivyo, na papo hapo niwasihi wanaozisifia njia zisizo na magari katika eneo hilo watupe habari zake kamili.

Nyingi kati ya njia bora za huko hazikuchorwa kwa ajili ya baiskeli. Zilichorwa na wahandisi wa reli ambao treni zao za mvuke hazikuweza kupanda mlima mkali, wakalazimika kufuata mabonde, kutoboa miamba na kuvuka mito kwa madaraja marefu ili njia ipande polepole. Reli ilipofungwa na mataruma kung'olewa, kilichobaki ni ukanda mwembamba wa ardhi usiokatika, wenye mwinuko ambao hata mtoto au mzee anaumudu. Reli ya zamani ya Pontebbana, kaskazini mashariki mwa Italia, ni mfano mzuri. Sehemu yake kutoka Udine hadi Pontebba ilikamilika mwaka 1879. Reli mpya yenye mahandaki marefu ilipojengwa, ile ya zamani iliachwa hatua kwa hatua hadi kufikia mwaka 2000. Leo imekuwa kiungo muhimu cha njia ya Alpe Adria, inayotoka Salzburg nchini Austria hadi Grado, kwenye pwani ya Bahari ya Adria, umbali wa takriban kilomita 410.

Kipande cha kutoka Tarvisio kuteremka hadi Chiusaforte ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Unaingia kwenye handaki na baridi inakupiga usoni hata katika jua la kiangazi; unatoka upande wa pili na moja kwa moja uko juu ya daraja, mto Fella ukipita chini kabisa kati ya mawe meupe. Barabara kuu ya kasi inaonekana ng'ambo ikiwa juu ya nguzo zake za zege, malori yakifuatana, nawe huna haja ya kugeuza shingo kutazama nyuma. Kituo cha treni cha Chiusaforte, ambacho kingeweza kubaki gofu, sasa huwapatia waendesha baiskeli chakula na mahali pa kupumzika.

Mifano haiishii hapo. Reli ya Dolomiti, iliyopita Cortina d'Ampezzo na kufungwa mwaka 1964, imegeuzwa kuwa njia ya baiskeli kutoka Calalzo hadi Dobbiaco, ikivuka kipito cha mlimani cha Cimabanche katika kimo cha meta 1,530. Upande wa kaskazini wa Cortina njia hiyo ni ya changarawe, kwa hiyo matairi membamba hayafai. Kutoka Dobbiaco huanza njia ya mto Drava, ambayo hadi Lienz, umbali wa kilomita 44 hivi, karibu yote ni mteremko. Familia nyingi huiteremka kwa baiskeli na kurudi kwa treni. Nchini Slovenia nako, reli ya zamani iliyopita Kranjska Gora sasa ni njia ya baiskeli inayovuka mpaka na kuungana na ile ya Tarvisio.

Sasa niseme linaloniuma. Mara nyingi njia hupewa sifa ya kutokuwa na magari kwa sababu sehemu yake kubwa iko hivyo, na sehemu ndogo iliyobaki haitajwi. Mimi naona hesabu hiyo si ya haki. Kilomita 90 za amani hazimsaidii mzazi mwenye watoto wawili ikiwa zinafuatwa na kilomita 5 za barabara nyembamba yenye malori, kwa sababu ni kilomita hizo 5 zitakazoamua kama safari inawezekana. Hata Alpe Adria ina mahali pa namna hiyo: kwa miaka mingi, ukishateremka kuelekea Venzone, ukanda wa reli huisha na msafiri hujikuta kwenye barabara ya kawaida pamoja na magari.

Mfano ulio wazi zaidi ni njia ya baiskeli ya Via Claudia Augusta, inayofuata barabara ya Warumi iliyokamilishwa katika enzi za Mfalme Klaudio. Upande wa Italia, bonde la Venosta lina njia tulivu kati ya mashamba ya tofaa, na treni ya Merano hadi Malles, iliyofufuliwa mwaka 2005, hupita kando yake. Lakini kabla ya kufika huko ukitokea Austria kuna vizuizi viwili. Katika Fernpass, kipito cha mlimani nchini Austria, barabara ya magari ina msongamano mkubwa, na njia mbadala ni ya mawe na mwinuko mkali. Kisha, ili kuikwepa barabara kuu inayopanda kwenda Nauders, waendesha baiskeli huelekezwa kuzungukia Martina, upande wa Uswisi, na kupanda kona 11 hadi kipito cha Norbertshöhe, katika barabara ambayo magari nayo huitumia. Kwa sababu hiyo wengi hupakia baiskeli kwenye basi. Kupanda basi si aibu hata kidogo. Alpe Adria yenyewe humtaka msafiri aingie kwenye treni kati ya Böckstein na Mallnitz, kwa kuwa hakuna njia ya baiskeli inayopenya chini ya milima ya Tauern. Ila msafiri anastahili kuyajua hayo mapema.

Uswisi imeanza kulishughulikia suala hili kisheria, na naamini ndiko kwa kutazamwa. Tarehe 23 Septemba 2018, asilimia 73.6 ya waliopiga kura waliridhia njia za baiskeli ziingizwe katika katiba. Sheria iliyofuata ilianza kutumika Januari 1, 2023, nayo inazitaka kantoni (majimbo ya nchi hiyo) kukamilisha mipango ya mitandao yao ifikapo mwisho wa mwaka 2027 na kuijenga ifikapo mwisho wa mwaka 2042. Naona jambo hili ni zito kwa sababu kipande kibaya mara nyingi hukaa pale ambapo mamlaka moja inaishia na nyingine haijaanza, na pasipo tarehe ya mwisho kila mmoja humsubiri mwenzake.

Ombi langu, basi, ni kwamba makala zenu za utalii zinapoitaja njia yoyote ya baiskeli katika Alpi zieleze magari huingilia wapi, kwa umbali gani, na kama kuna treni au basi linalobeba baiskeli kukivuka kipande hicho. Zitaje pia iwapo nafasi ya baiskeli ndani ya treni huhitaji kuwekwa mapema, maana katika majira ya joto mabehewa hujaa, na familia iliyoachwa kituoni jioni hulazimika kuingia kwenye barabara ileile iliyokusudia kuikwepa.

Wasalaam,

Msomaji wenu na mwendesha baiskeli