Barua kwa Saidi, kabla ya sindano ya kwanza

Ndugu yangu Saidi,

Salaam nyingi, wewe na wote wa nyumbani. Barua yako imenifikia na nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu hili unalotaka kulifanya ni jambo kubwa na ninalitakia heri kwa moyo wote. Unasema umechoka kumngoja kila jike wa ng'ombe aonyeshe joto, yaani hamu ya kupandwa, kwa wakati wake, sasa unataka kuwahimilisha wote (kuwawekea mbegu za fahali kwa mrija) kwa mkupuo, na unaniuliza ni dawa gani na siku gani. Dawa nitakutajia. Ila uniwie radhi nianze na ng'ombe wenyewe, maana mimba nyingi hupatikana au hupotea kabla bomba la sindano halijatolewa kwenye pakiti.

Ingia zizini asubuhi. Mtazame kila jike kwa ubavu, halafu mpitishie kiganja mbavuni, kwenye nyonga na pale shina la mkia linapoanzia. Ukiweza kuhesabu mbavu zake kwa macho tu, na uti wa mgongo umechongoka kama ukingo wa jembe, huyo mwache kwanza. Kwenye kile kipimo cha hali ya mwili cha 1 hadi 9, jike anayefaa ni wa 5 kwenda juu, na aliyezaa kwa mara ya kwanza ni vizuri zaidi awe alikuwa 6 siku aliyozaa. Mwili wa ng'ombe hugawa lishe kwa zamu: kwanza uhai wake, kisha maziwa ya ndama, kisha kukua kama bado ni mdogo, na uzazi mwisho kabisa. Kwa aliyekonda, ovari zimelala. Ukimchoma sindano utakuwa umemwaga dawa na mbegu, halafu utaambiwa mhimilishaji hajui kazi.

Angalia pia alizaa lini. Mpaka siku ya kuhimilishwa ziwe zimepita angalau siku 50. Aliyebakisha kondo la nyuma, au anayetoa usaha, atibiwe na asubiri zamu nyingine. Wale wa uzazi wa kwanza ndio hukawia kurudi kwenye mzunguko, kwa hiyo usishangae wakihitaji mwezi mzima zaidi ya mama zao. Na mitamba, wale ambao bado hawajazaa, usiwapeleke kwa umri peke yake. Wafikishe kwanza asilimia 60 hadi 65 ya uzito watakaokuwa nao wakikomaa.

Halafu jambo ambalo nakuomba usiliruke hata ukiwa na haraka kiasi gani: kila jike apimwe mimba kabla ya sindano. Prostaglandini, dawa mojawapo utakayochoma, huvunja ile tezi ya manjano inayobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, na tezi hiyo ndiyo inayoilinda mimba. Jike mwenye mimba changa akichomwa, atatupa. Dawa hiyo hiyo hupenya kwenye ngozi ya binadamu. Mwanamke mwenye mimba asiishike kabisa, wala mtu mwenye pumu, na ninyi wengine vaeni glavu.

Sasa nije kwenye dawa. Mzunguko wa ng'ombe ni siku 21, wengine 18, wengine 24. Prostaglandini ukiitumia peke yake inafanya kazi kwa jike aliye kati ya siku ya 6 na ya 16 hivi ya mzunguko wake, kwa sababu ndipo tezi ipo na imeshakomaa. Ndiyo maana watu huchoma mara mbili, wakipishanisha siku 11 hadi 14, ili aliyekosa mara ya kwanza apatikane mara ya pili. Joto huja siku ya 2 hadi ya 5 baada ya sindano. Ni njia nzuri na nyepesi, lakini inadai uwepo wako zizini kuwaangalia, na kwa jike ambaye hajaanza mzunguko haina la kufanya.

Kwa kundi lako, lenye majike wanaonyonyesha, mimi ningekushauri ratiba ya siku 7 yenye kifaa cha projesteroni, kichocheo kinachozuia joto. Jumatatu unachoma gonadorelini na kumwekea kila jike kifaa hicho ukeni. Sindano inalifanya yai lililokomaa litoke na mengine yaanze kukua upya, kwa hiyo kundi linaanza safari karibu pamoja, huku projesteroni ya kifaa ikizuia joto lisije mapema. Jumatatu inayofuata unatoa kifaa na kuchoma prostaglandini. Breki zinaachiwa kwa wote siku moja. Faida nyingine ni kwamba kile kipindi cha projesteroni huwaamsha baadhi ya majike waliokuwa karibu kuanza mzunguko lakini bado.

Hapo saa inakuwa bwana. Kwa majike waliokwisha kuzaa, uhimilishaji hufanywa saa 60 hadi 66 baada ya kutoa kifaa, na unachoma gonadorelini tena wakati huo huo ili yai litoke. Kwa hiyo ukivitoa Jumatatu saa 11 jioni, mhimilishaji awepo Alhamisi saa 11 alfajiri na amalize kabla ya saa 5 asubuhi. Mitamba wao ni saa 54 hivi, huenda wakapungua au kuzidi saa 2. Ukiwatoa vifaa jioni pamoja na mama zao, saa yao itaangukia usiku wa manane. Watoe vifaa Jumatatu saa 3 asubuhi, uwahimilishe Jumatano saa 9 alasiri. Andika saa ya kila mmoja ubaoni, usiitegemee kumbukumbu, kwa sababu siku hiyo kila mtu anapiga kelele.

Hata ukitumia saa, usiache kuangalia joto. Anayesimama akapandwa bila kukimbia, huyo yuko kwenye joto, na atakayesimama kabla ya Alhamisi ana nafasi nzuri zaidi ya kushika. Paka chaki nzito juu ya shina la mkia wakati wa kutoa vifaa. Ukiikuta imefutika na manyoya yamevurugika, amepandwa usiku. Wengi hupandana usiku na alfajiri, na ng'ombe wenye nundu joto lao ni fupi, linaweza kuisha kabla hujanywa chai. Anayeonekana asubuhi huhimilishwa jioni, wa jioni huhimilishwa kesho yake asubuhi. Ukiona damu kidogo mkiani siku moja au mbili baadaye, joto limeshapita. Hiyo damu peke yake haikuambii kama ameshika au hajashika.

Kuhusu ndama: kunyonya kwenyewe hukandamiza vichocheo vya uzazi vya mama. Wafugaji wengine huwatenga ndama tangu kifaa kinapotolewa mpaka mama anapohimilishwa, halafu wanawarudisha mara moja. Inasaidia, ila fanya hivyo ikiwa ndama wana afya, wana maji na majani mazuri, na uzio ni imara. Nimewaona mama wakiuvunja uzio mbovu kumfuata mtoto, na vurugu ile inaharibu zaidi ya inavyojenga.

Mbegu nazo nizungumzie, maana huko kuna hasara isiyoonekana kwa macho. Zinakaa ndani ya mirija myembamba iliyopangwa kwenye mikebe, mtungini mwa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtu akiuinua mkebe mpaka mdomoni mwa mtungi akawa anatafuta jina la fahali taratibu, mirija ya juu inapata joto, na ikirudishwa inaganda tena, na mbegu zinakufa kimya kimya. Kwa hiyo mjue mapema mnachukua mrija gani na upo mkebe upi. Ukitoka, uingie moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37, yaliyopimwa kwa kipimajoto, kwa sekunde 30 hadi 45. Ukaushwe vizuri, maana tone moja la maji linaua mbegu. Ukatwe, upakiwe kwenye bunduki ya kuhimilishia iliyopashwa joto, ukingwe na jua na upepo, na utumike ndani ya dakika 15. Yeyusha mirija ya ng'ombe waliokwisha kusimama kwenye kibanio peke yake. Mbegu zinaachwa pale tu baada ya kuvuka mlango wa kizazi, kwa taratibu. Mhimilishaji anayefanya haraka ili amalize foleni, mwombe apumzike, au walete wawili wapishane. Mkono uliochoka hupotea njia.

Fahali wa mitamba mchague yule anayejulikana kutoa ndama wadogo wakati wa kuzaliwa. Kwenye hili usishindwe na tamaa ya ndama mkubwa. Mtamba akikwama wakati wa kuzaa, unaweza kuwapoteza wote wawili.

Baada ya Alhamisi waache watulie. Usibadilishe malisho ghafla, wala usiwapakie kwenye lori kuanzia siku ya 5 mpaka ya 45 hivi, maana hapo kiinitete ni dhaifu na usumbufu unaweza kukiangusha. Fahali muingize baada ya siku 10 hadi 14, ili awakute wanaorudi kwenye joto kati ya siku ya 18 na ya 24, na uweze kutofautisha ndama wake na wa mrija. Ujue kwamba hata kundi lililotunzwa vizuri hushika nusu au zaidi kidogo kwa mara ya kwanza. Nakueleza mapema ili usivunjike moyo ukipima.

Jambo moja umelisahau kwenye barua yako. Mimba ni siku 283 hivi. Hesabu kwenda mbele kabla hujaweka tarehe: je, majani yatakuwepo wakati huo? Na je, una watu wa kukesha, maana wengi watazaa ndani ya wiki mbili tatu? Ukiona jibu ni hapana, sogeza Jumatatu ya kwanza.

Ukishawachuja niandikie una majike wangapi, mitamba wangapi, na kila mmoja alizaa lini. Nitakuchorea kalenda yao yote nikutumie. Wale waliokonda wape majani mazuri na chumvi ya madini kuanzia leo, nao tutawawekea zamu yao.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Hamisi