Mwanangu, mgahawa wa sherehe mchagulie bibi

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Huku Dar hatujambo, mama yako anakusalimu sana na wadogo zako wanakukumbuka. Nimepata habari kwamba bibi mwenye nyumba yako anatimiza miaka 80, na wanawe walioko Toronto wamekukabidhi wewe kazi ya kutafuta mgahawa wenye hadhi wa Kikantoni, yaani wa mapishi ya Wachina wa kusini, kwa kuwa wewe ndiye unayeshinda naye. Hiyo ni heshima kubwa. Mtu hapewi shughuli ya mzee wa watu kama haaminiwi, ndiyo maana nimeamua kukuandikia kwa kirefu.

Umeniuliza ni mgahawa gani bora kuliko yote hapo Hong Kong. Swali hilo liweke kando kwanza. Jiulize bibi ana meno ya kutafuna nini, anasikia vizuri kiasi gani, anaweza kukaa kitini muda gani kabla mgongo haujamuuma. Ukishayajua hayo, migahawa mingi itajiondoa yenyewe, na utabaki na michache ya kuilinganisha.

Najua vijana wa leo mnakimbilia nyota za Michelin, kile kitabu cha Wafaransa kinachopima migahawa. Si vibaya kuzitazama. Lung King Heen, ule wa hoteli ya Four Seasons, ndio mgahawa wa kwanza wa Kichina kupewa nyota tatu, katika toleo la mwaka 2009, jikoni akiwa mpishi Chan Yan-tak. Lakini mwaka huohuo wa 2009 Tim Ho Wan ilifunguliwa Mong Kok, chumba kidogo ambacho watu walikuwa wakipanga foleni barabarani kukiingia, nayo haikukawia kupata nyota yake. Nyota inakwambia chakula ni kizuri. Haikwambii kama kuna meza ya watu 12, kama lifti inafika mpaka mlangoni, wala kama choo kiko mbali kiasi cha kumtesa mtu wa miaka 80. Hayo utayajua kwa miguu yako. Nenda ukaone.

Halafu kuna ule mgahawa mkubwa wa Maxim's Palace pale City Hall, ambako akina mama husukuma katikati ya meza vigari vyenye vikapu vya mianzi vya dimsamu, yaani vile vyakula vidogovidogo vinavyoliwa na chai, vingi vyake vya mvuke, na kila mtu anaonyesha kwa kidole anachotaka. Mimi napapenda, na watoto wa Toronto watapapenda zaidi. Ila kwa sherehe hii sipakutumi. Kelele ni nyingi, na bibi ataishia kutabasamu tu bila kusikia anachoambiwa kwenye meza yake mwenyewe. Isitoshe, kikapu kilichozungushwa ukumbi mzima kimekwisha kupoa kidogo na unga umeanza kukaza. Migahawa ya hadhi imeachana na vigari. Unaweka alama kwenye karatasi, jikoni wanapika kwa oda yako, na kikapu kinafika mezani kikifuka mvuke. Kwa dimsamu hiyo ni tofauti kubwa sana.

Sasa nikufundishe kulipima jiko, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Nenda siku ya kazi, mchana, kabla hujaweka nafasi. Agiza haa gau, zile dimsamu za kamba wa baharini zilizofungwa kwa unga mweupe. Najua wewe huzili, kwa sababu kwa desturi kamba wake huchanganywa na mafuta ya nguruwe. Mchukue mwenzako wa ofisini ambaye ni mwenyeji, yeye ale, wewe tazama. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa macho, tangu enzi za kufuata mizigo Guangzhou, nikiwa nimekaa na wazee waliokuwa wakituuzia vitambaa. Kikapu kikifunuliwa, tazama ngozi ya unga: iwe nyembamba, inang'aa, uone wekundu wa kamba ukipenya kutoka ndani. Tazama mikunjo ya juu. Wajuzi huihesabu, na ikipungua 7 wanajua mkono ulikuwa na haraka. Kisha mwambie mwenzako ainue moja kwa vijiti taratibu. Isigande kwenye karatasi, isichanike, isimwage maji. Akiing'ata, umwone kamba akikatika kwa ukinzani kidogo, si kulainika kama ugali. Jiko linaloweza haa gau linaweza mengi, kwa sababu unga ule hausamehe: ukiachwa kwenye mvuke dakika moja zaidi unalegea, ukitolewa mapema unabaki mbichi.

Wakati huohuo angalia chai. Mgahawa wa heshima unakuuliza chai kabla ya kukuletea orodha ya vyakula, na wanakutajia aina zake bila kubabaika. Wazee wengi huchagua bo lei, ile nyeusi nzito, maana wanaamini inakata mafuta ya chakula. Wengine huchanganya na maua ya krisanthemamu ili iwe laini. Buli likiisha, mfuniko unauegesha pembeni, na mhudumu anayeijua kazi yake ataliona na kuongeza maji bila kuitwa. Kama umeegesha mfuniko na mnangoja mpaka mnaanza kupunga mikono, mgahawa huo hauna watu wa kutosha ukumbini. Siku ya sherehe itakuwa mbaya zaidi.

Na mtu akikumiminia chai, gonga meza kidogo kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo ahsante yao. Wanasimulia kwamba Qianlong, mfalme wa zamani wa China, alikuwa akitembea kwa kujificha, akammiminia mtumishi wake chai. Yule hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, basi akapiga magoti kwa vidole. Wewe mmiminie bibi kwanza, kisha wengine kwa umri, kikombe chako kiwe cha mwisho. Hapo hutofautiani na ulivyolelewa.

Kuhusu saa, wanawe huenda wakataka karamu ya usiku, maana ndivyo ilivyozoeleka: wageni hufika mapema, wanacheza mahjong, ule mchezo wa vigae wa Kichina, kisha wanakula mpaka usiku. Washauri mchana. Migahawa ya hadhi hupika dimsamu mchana tu, tangu kama saa tano hadi saa nane na nusu au tisa, jioni huipati. Bibi mwenyewe amezoea kunywa chai asubuhi, na usiku anakuwa amechoka. Mchana unaweza kuchanganya: dimsamu laini kwa mwanzo, halafu vyakula vya sherehe. Tahadhari moja tu, Jumapili mchana watu wanajaa na baadhi ya migahawa inakupa meza kwa muda wa saa mbili tu, kisha wanataka kuwapisha wengine. Uliza hilo waziwazi na ujibiwe kwa maandishi.

Omba chumba cha faragha. Watakutajia kima cha chini mnachopaswa kutumia ndani ya chumba hicho, na huenda wakataka sehemu ya malipo mapema. Juu ya bei ya chakula ongeza asilimia 10 ya huduma, ongeza chai inayohesabiwa kwa kila kichwa, ongeza na visahani vya karanga au achari vinavyowekwa mezani kabla hujaomba, navyo hulipiwa. Penye samaki mara nyingi hutaona bei, wanaandika tu kwamba ni bei ya siku. Uliza kabla samaki hajatolewa kwenye tangi, na uulize kwa kipimo gani. Kipimo chao kiitwacho kati ni kama gramu 600 hapo Hong Kong, ukivuka kwenda Guangzhou ni gramu 500.

Katika vyakula vya sherehe, mkazo wangu ni samaki. Agiza chewa, mzima, aliye hai, apikwe kwa mvuke. Anakuja na tangawizi na majani ya vitunguu yaliyokatwa nyuzinyuzi, yamemwagiwa mafuta ya moto na soya. Huyo ndiye anayeonyesha ustadi wa mpishi wa Kikantoni kuliko sahani yoyote, kwa sababu hana pilipili wala mchuzi mzito wa kumfichia makosa. Nyama yake iachane na mfupa ukiigusa tu, na karibu kabisa na mfupa iwe ndiyo kwanza imeiva. Kichwa kielekezwe kwa bibi. Upande wa juu ukiisha, msimgeuze samaki. Wenye asili ya uvuvi wanaona ni kupindua chombo baharini. Mhudumu atautoa mfupa mwenyewe.

Kuku lazima awepo, kwao karamu bila kuku si karamu. Mwishoni ziletwe tambi ndefu, wasizikate, ndizo za kumwombea bibi umri mrefu, pamoja na maandazi ya mvuke yenye umbo la pichi, yaliyopakwa rangi ya waridi, ndani yana kitu kitamu. Mgahawa huyaandaa kwa oda, waambie mapema. Hesabu ya vyakula iwe 8 au 9. Usikubali 7, maana 7 ni ya chakula cha baada ya mazishi, na 4 wanaiona ni nuksi.

Pezi la papa usiagize, hata mtu akisema bila hilo sherehe haina uzito. Hoteli ya Peninsula ililiondoa mwaka 2012, na mwaka 2013 serikali ya Hong Kong ikaacha kuliweka kwenye dhifa zake. Siku hizi familia nyingi za heshima hazilitaki. Na wewe mtoto wa pwani unajua mapezi hayo yanatoka wapi. Pita maduka ya vyakula vikavu pale Sheung Wan, utayaona, na pembeni utayaona majongoo ya bahari, ambao wengine wao wamepigiwa mbizi huku kwetu Unguja na Pemba. Nilisimama mbele ya duka moja la aina hiyo nikaona bei yake, nikafikiri mzamiaji anapata kiasi gani. Jongoo wa bahari akiletwa mezani, mwambie bibi habari hiyo. Wazee wa Kikantoni hupenda kujua kitu kimetoka bahari gani, na hiyo itakuwa hadithi yako wewe peke yako mezani pale.

Kuhusu nguruwe. Sherehe ni yao, na kitoto cha nguruwe cha kubanika ndicho hutangulia katika karamu nyingi. Usiwazuie, wala usikae umenuna. Siku ya kuweka nafasi zungumza na mkuu wa wahudumu: wewe ni Mwislamu, huli nguruwe wala nyama isiyochinjwa kwa sheria, hunywi kileo. Umwombe akuandalie mboga, tofu na samaki kwenye sufuria safi, bila mafuta ya nguruwe na bila mvinyo wa kupikia, na vijiti vya kupakulia viwe vya peke yake. Mgahawa wa hadhi utakusikiliza na kuandika. Ukiona anakujibu juujuu kwamba hakuna shida huku haandiki kitu, tafuta kwingine. Kwangu mimi hicho ni kipimo sawa na haa gau.

Na wewe pia usikose dimsamu ya kwako. Wan Chai, kwenye jengo la msikiti wa Ammar, ghorofa ya 5, kuna kantini inayopika dimsamu za halali. Nenda mchana mapema, zinakwisha. Si mahali pa mapambo, ila haa gau yake utaila bila wasiwasi. Mpeleke na bibi siku yoyote ya kawaida, nyinyi wawili tu. Atafurahi kukuona unakula anachokula.

Siku yenyewe fika nusu saa kabla. Hakikisha kiti cha bibi kinatazama mlango na hakipigwi na upepo wa kiyoyozi. Bili msiivutanie mbele yake. Kubalianeni na wanawe mapema, kadi ikabidhiwe kwa mkuu wa wahudumu kabla hamjakaa.

Mama yako ameshatenga kikoi na karafuu za Pemba za kumpelekea bibi. Mjomba wako anakuja Guangzhou kwenye maonyesho ya biashara, atavuka akuletee. Zifunge kwenye karatasi nyekundu au ya dhahabu, nyeupe isitumike, na umpe kwa mikono miwili. Nitumie majina ya migahawa utakayoiona, tuongee kabla hujalipa chochote.

Wasalaam,
Baba yako