Yah: Malalamiko kuhusu majina ya waigizaji wa Johnny English kwenye chaneli yenu ya filamu

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Mimi ni mteja wenu hapa Bukoba, na kifurushi nalipia kila mwezi bila kuchelewa. Naandika kuhusu mlivyotangaza na kuonyesha filamu tatu za vichekesho za jasusi Johnny English mwishoni mwa wiki iliyopita. Nilianza kwa kupiga simu. Kijana aliyepokea akanijibu kwamba filamu ni ile ile, majina hayabadilishi kitu. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua.

Tangazo lenu lilirudiwa wiki nzima likisema nyota wa filamu ni "Mr. Bean". Huyo ni mhusika. Mwigizaji mwenyewe ni Rowan Atkinson, Mwingereza aliyesomea uhandisi wa umeme Newcastle na Oxford kabla ya kujulikana kwa vichekesho. Mitaani watu humwita Bean na mimi sina ugomvi nao, lakini ninyi ni kituo cha televisheni. Tena wahusika hao hawafanani. Bean karibu haongei kabisa. Jasusi English anaongea mno, na kichekesho kinatoka hapo hapo kwenye majigambo yake.

Hilo ningelimeza. Lililoniuma ni filamu ya pili, Johnny English Reborn ya 2011. Nilipobonyeza kitufe cha maelezo, niliona majina ya Ben Miller na John Malkovich. Hao ni wa filamu ya kwanza, ya 2003: Malkovich ndiye Mfaransa anayeitaka taji ya Uingereza, na Miller ni Bough, msaidizi wa English, ambaye alirudi tena kwenye ile ya 2018. Kwenye hii ya pili Bough hayumo. Waliomo pamoja na Atkinson ni Gillian Anderson, Rosamund Pike, Dominic West na Daniel Kaluuya. Hakuna hata mmoja wao aliyetajwa. Mbaya zaidi, msimulizi wenu wa Kiswahili alimwita Tucker, msaidizi wa English kwenye filamu hii, "Bough" tangu mwanzo hadi mwisho.

Tucker ndiye Kaluuya. Alizaliwa London, wazazi wake ni Waganda, watu wa hapa ng'ambo tu ya mpaka wa Mutukula. Wakati huo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Baadaye aliteuliwa kuwania Oscar kwa filamu ya Get Out, na mwaka 2021 akaipata kwa kumwigiza Fred Hampton, mwanaharakati Mmarekani mweusi. Sasa tazameni kazi yake humu. Tucker ndiye anayemgundua msaliti, wakati bosi wake bado anamwona msaliti huyo kuwa rafiki. Anambana chooni, na English anaingia na kumwamuru amwachie. Muangalieni Kaluuya usoni pale: hapigi kelele, hachekeshi kwa nguvu, anabaki kumkodolea macho mkubwa wake kama mtu aliyenyang'anywa haki yake mchana kweupe. Atkinson anachekesha kwa sababu kuna mtu mwenye akili timamu amesimama kando yake. Baadaye English inambidi aende nyumbani kwa kijana huyo kumwomba radhi. Vijana wa huku Kagera wanaotamani kuigiza walistahili kulisoma jina lake kwenye skrini.

Wala hawakulipata mwishoni. Majina yalipoanza kupanda tu mkakata na kuweka matangazo ya biashara. Katika majina hayo ndipo English anapompikia Kate, mhusika wa Rosamund Pike, akikatakata na kukoroga kwa kufuata mdundo wa muziki wa Grieg, mtunzi wa Norwei. Ni Atkinson mtupu, bila neno hata moja, na wateja wenu hawakukiona kipande hicho.

Naomba yafuatayo: mrekebishe maelezo ya filamu zote tatu, kila moja na waigizaji wake; msimulizi arekodi upya jina la Tucker; na filamu hiyo irudiwe nzima, pamoja na majina ya mwisho, kwa saa ambayo watu wako nyumbani. Naomba pia majibu kwa maandishi, si kwa simu, nikitajiwa tarehe ya marudio hayo.

Wenu,
Mteja wa king'amuzi, Bukoba.