Khanga ilitundikwa kichwa chini

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme neno kuhusu maonyesho ya michoro yanayofanyika hapa Dar es Salaam. Nauza khanga Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, mwaka wa 27 huu, na marehemu mume wangu alikuwa akizichora.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa kidato cha pili, ambaye madaftari yake yote yamejaa michoro, alinibembeleza nimpeleke kwenye maonyesho katika ukumbi mmoja upande wa Masaki. Jumamosi na Jumapili huwa wamefunga, kwa hiyo nilifunga duka Jumatano mchana, tukapanda daladala mbili na bajaji. Nilifurahi kwa kweli. Nilimwona tena Chakubanga, yule wa katuni za Christian Gregory, tuliyekuwa tukimtafuta kwanza kwenye gazeti la Uhuru kabla hata ya kusoma habari. Palikuwa na khanga mbili za zamani sana, jina, yaani yale maneno ya khanga, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mjukuu wangu alisimama hapo mpaka nikamwita.

Ya tatu ilikuwa imetundikwa kichwa chini. Khanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na jina hukaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Pale jina lilikuwa huko juu karibu na dari, herufi zimepinduka: "Japo sipati tamaa sikati." Mwanamke yeyote anayejifunga khanga angeliona hilo tangu mlangoni. Kijana wa pale aliniamkia vizuri, nikamwonyesha. Akasema, "Bibi, mimi sina ruhusa ya kuigusa."

Maelezo yote ukutani yalikuwa ya Kiingereza. Mjukuu wangu alinisomea karatasi moja moja, akikwama na kurudia, nami nimesimama kama mgeni mbele ya nguo niliyozaliwa nikaikuta mgongoni kwa mama yangu. Chini ya khanga hiyo iliyopinduliwa paliandikwa jina la aliyeihifadhi, upana wake na urefu wake. Kisha: mchoraji hajulikani.

Mhariri, mimi namjua. Mume wangu alikuwa mtu wa Pemba, na khanga haina mahali pa mchoraji kuweka sahihi. Basi kila alipochora shada la karafuu kwenye pembe, karafuu moja aliiacha haina kichwa. Niliinama chini ya ile khanga, nikahesabu shada la pembeni. Ya nne haina kichwa. Mjukuu wangu aliiona kabla sijamwonyesha.

Nawaomba waandaaji: andikeni Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate. Fungueni Jumamosi, maana sisi wa biashara na watoto wa shule hatuna mchana wa Jumatano. Na si lazima kila kitu kiwe Masaki. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, katikati ya mji. Kila Julai watu wanamiminika Sabasaba, Barabara ya Kilwa; ukuta mmoja wa michoro pale ungetazamwa na watu ambao hawajawahi kuingia ukumbi wa sanaa maishani mwao. Na kabla hamjaandika kwamba mchoraji hajulikani, njooni Kariakoo muulize. Wengi wa wachoraji hao wamekufa, lakini wajane wao tupo, na watoto wao wapo.

Nina karatasi 11 za mume wangu, nimezikunja ndani ya kisutu, khanga yangu ya harusi. Kila rangi ameichora kwenye karatasi yake peke yake, maana kiwandani kila rangi hupigwa peke yake. Ukizipanga juu kwa juu na kuziinua kwenye mwanga wa dirisha, khanga nzima inatokea. Atakayeandaa maonyesho yajayo nitamwazima zote bila malipo. Ila siku ya kutundika niitwe.

Bibi Muuza Khanga,
Mtaa wa Uhuru, Kariakoo,
Dar es Salaam