Kampuni ikipona, na hisa zangu zitapona?

Ndugu mshauri,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua hisa za kampuni ambayo bei yake ilikuwa imeporomoka kwa asilimia 90. Nilipiga hesabu ya haraka: ikirudi hata nusu ya ilikotoka, fedha zangu zinakuwa mara 5. Na chini itakwenda wapi tena? Ilikwenda. Ilipofika asilimia 95 nikajiambia zimeongezeka 5 tu. Kumbe kutoka 10 hadi 5 ni nusu ya fedha zangu! Nikanunua nyingine ili kushusha wastani wa bei yangu, safari hii kwa akiba tuliyoweka na mwenzangu kwa ajili ya kubadilisha paa. Hilo hajui.

Usiku hufungua simu chini ya shuka nikatazama bei. Mwezi uliopita nilijaribu kuuza. Upande wa wauzaji safu ndefu, upande wa wanunuzi mtu mmoja, na bei aliyotaja ilikuwa pungufu kwa robo ya ile iliyoandikwa juu. Nikazima simu nikalala, yaani nikajifanya nimelala.

Sasa imekuja barua. Kampuni itaunganisha kila hisa 10 kuwa 1, kisha ituuzie wenye hisa hisa mpya, mbili kwa kila moja tutakayobaki nayo, ili ipunguze madeni. Kuunganishwa hakunisumbui, ni kama kubadilisha noti 10 ndogo kwa moja kubwa. Kinachoniumiza kichwa ni hizo mpya. Nisiponunua, sehemu yangu katika kampuni inabaki theluthi ya ilivyo leo. Nikinunua, natoa fedha nisizokuwa nazo kuokoa fedha ambazo huenda zimeshakwenda.

Kazini kuna rafiki anayenitia moyo kwa mfano wa Ford: mwishoni mwa 2008 hisa yake ilikaribia dola 1, na miaka miwili baadaye ilikuwa imepita dola 15. Ni kweli. Lakini General Motors, mshindani wake, ilikimbilia mahakamani kufilisika Juni 2009, na Novemba 2010 hisa za kampuni mpya zikaingia sokoni. Magari yaliendelea kutengenezwa, jina likabaki lilelile, ila wenye hisa za zamani walitoka mikono mitupu. Wadai ndio hutangulia kulipwa; mwenye hisa yuko mkiani mwa foleni. Mfano huu rafiki yangu hautaji hata siku moja, na mimi wakati nanunua sikuufikiria. Nilitazama bei tu. Ukurasa wa madeni sikuufungua.

Nimeufungua wiki hii. Wateja wapo, mauzo hayajaanguka, lakini faida haifikii hata riba, na mkopo mkubwa unatakiwa kulipwa mwakani.

Ninachouliza ni hiki. Nitajuaje kama fedha za hisa mpya zitainua biashara, au zitapita tu mikononi mwa kampuni kuelekea kwa wadai? Au nimuuzie yule mnunuzi mmoja, kama bado yupo, niokoe kilichobaki? Na mwenzangu nimwambie kabla ya kuamua au baada? Zimebaki siku 12 za kujibu barua, na jana ameniuliza fundi wa paa tunamwita lini.

Wako,
Mwenye Hisa Asiyelala